Sindano Mbele ya Watu

Wifi yangu hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini ukoo mzima humwita Rubani. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa sekretari wa mkurugenzi mmoja, akapandishwa ndege kabla yetu sote. Tangu hapo hakuna mtu wa ukweni kwangu anayesafiri bila mzigo wake kupita mikononi mwake. Huo ndio utaratibu wa nyumba ile: aliyekwisha kupanda ndege humpangia mzigo asiyewahi kupanda. Unakaa kitandani umekunja mikono, naye anatoa vitu vyako kimoja kimoja, anaguna, anavikunja upya, anaamua kipi kinafaa kuonekana mbele ya watu na kipi hakifai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema dada yake akikupangia sanduku, hata wewe mwenye sanduku utabisha hodi kabla ya kulifungua. Tulikuwa tunacheka. Siku hizi sicheki.

Mimi ni fundi wa makochi. Navua vitambaa vilivyochakaa, nabadilisha sponji, navisha upya. Pia nina kisukari, na nimekuwa nacho tangu binti yangu hajaanza shule. Huyo ndiye mtoto wangu wa pekee. Aliolewa akahamia ng'ambo na mumewe, na alipokaribia kujifungua mara ya kwanza alinipigia simu, akaniambia kwamba wauguzi wa huko wanaruhusu mtu mmoja kuingia chumba cha kujifungulia, na mumewe damu akiiona tu anaanguka. Akasema, "Mama, nataka uwe wewe."

Basi nilitaka jambo hilo moja tu duniani. Niwe pale mjukuu wangu anapotoka, na mikono ya kwanza ya ukoo kumgusa iwe hii yangu iliyojaa alama za misumari.

Nilijiandaa kama mtu mzima. Muuguzi wa kliniki aliniketisha akanieleza mambo ya safari: insulini, sindano na kipima sukari vikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na biskuti na barua ya daktari. Kamwe visiwekwe kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, kwa maana huko dawa inaweza kuganda, na insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Nilinunua kimfuko maalumu cha kuitunza isipate joto. Nikakipanga mwenyewe, nikakitia katika mkoba wangu, juu kabisa, pale mkono unapofika bila kutafuta.

Asubuhi ya safari Rubani akaja. Alikuwa anasafiri nami, maana ukoo uliona mimi peke yangu nitapotelea kwenye ngazi za umeme. Akafungua mkoba, akakiona kimfuko, akakishika kwa vidole viwili kama anayeshika soksi ya mtu mwingine. Akaniuliza kama kweli ninakusudia kutembea na sindano mbele ya watu. Akasema watazimwaga mezani, watatuita wavuta unga, watatuvua nguo, na abiria wote watakuwa wanatazama. Nikamweleza maneno ya muuguzi, taratibu, neno kwa neno. Akakirudisha kimfuko mkobani. Nikadhani ameelewa. Nikaenda karakana kufunga mlango na kumwachia jirani funguo, na niliporudi mkoba wangu ulikuwa umefungwa vizuri, unangoja.

Nilikuwa nimejichoma sindano ya asubuhi nyumbani, nikanywa chai yangu. Ndege ikachelewa kuondoka, na tulipopaa chakula nacho kikachelewa. Nikaanza kutoka jasho. Mikono ikatetemeka, midomo ikafa ganzi, na mtu mwenye kisukari anajua maana yake: sukari imeshuka, usipokula sasa hivi utaanguka. Nikaingiza mkono mkobani nitoe kipima na biskuti. Nikatoa ndala. Ndala za Rubani za kuvalia ndani ya ndege, za manyoya, rangi ya waridi.

Nikamuuliza kimfuko changu kiko wapi.

"Tulia, wifi," akasema, macho hata hayakutoka kwenye dirisha. "Nimekitia kwenye sanduku kubwa pamoja na hizo biskuti zako. Si dawa ya kukaa baridi? Basi kule chini kuna baridi kushinda friji."

Sikuwa na nguvu ya kugomba. Nilimwita mhudumu wa ndege, nikamwomba chochote kitamu, akaniletea keki na juisi. Nilikula keki ile kama mtu anayefukuzwa, makombo yakinidondokea kifuani, nikanywa juisi, nikaomba nyingine. Rubani alinitazama tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Nilidhani ana wasiwasi juu yangu. Kumbe alikuwa anaweka akiba.

Safari iliyobaki nilikwenda bila dawa. Tulibadilisha ndege, tukaketi tena, safari hii mimi dirishani, na sukari iliyokuwa imeshuka sasa ikapanda bila kizuizi. Kiu ikanishika ya kunywa mto. Kila nilipokwenda chooni, Rubani alivuta magoti kunipisha na kuguna. Tulipofika, mkwe wangu alikuwa anatungoja na gari, kijana mpole, akatupokea mizigo. Nililifungua sanduku palepale chini, mbele ya mlango wa kutokea. Kimfuko kilikuwa baridi kama kilichotoka mochwari. Kwa macho yangu dawa haikuwa na tofauti yoyote, maji safi ndani ya kichupa, na ile ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo katika nchi ile. Nikajichoma. Usiku nikajichoma tena. Ilikuwa sawasawa na kujichoma maji ya bomba.

Kesho yake nilikuwa natapika, na pumzi yangu inanuka kama matunda yaliyooza. Wakati mkwe wangu ananibeba kunipeleka kwenye gari, binti yangu akashika ukuta wa sebule. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Tulipakiwa gari moja, mama na mwana, kila mmoja na maumivu yake, tumeshikana mikono kiti cha nyuma, Rubani kiti cha mbele. Mlangoni mwa hospitali wakatutenganisha. Mimi nikasukumwa kulia, yeye kushoto, na sauti yake niliisikia ikiita "Mama" mpaka milango ikajifunga. Aliyekwenda naye alikuwa Rubani.

Daktari aliyenihudumia alikuwa na haraka lakini hakuwa na dharau. Aliangalia vichupa vyangu, akauliza vilisafirije, nikamwambia. Akasema viliganda huko chini, dawa ilikufa, na ningechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nililala pale na dripu mkononi, nikijua kwamba juu yangu, ghorofa chache tu, mwanangu anapiga kelele na mimi sipo.

Waliponipeleka juu kwa kiti cha magurudumu, mtoto alikuwa amekwisha kuoshwa, amefungwa, yuko kifuani kwa Rubani. Binti yangu alikuwa amelala, uso umechoka. Rubani akaniinamia kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni picha.

"Mimi ndiye niliyempokea," akasema. "Alianza kulia mikononi mwangu."

Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo natafuta kitu cha kupiga nyundo.

Huenda ningemsamehe kunikosesha kuzaliwa kwa mjukuu wangu. Ujinga ni ujinga, na mimi mwenyewe nina wangu. Ila wakati nimelala na dripu, yeye alikuwa na muda, na muda aliutumia. Alimwambia binti yangu kwamba nimekula keki ndani ya ndege kama mtoto wa shule, na juisi mbili juu yake, na kwamba alinitazama akiwa anasikitika. Niliporudi nyumbani kwao kutoka hospitali nikamweleza binti yangu habari za kimfuko na sanduku, naye akamwita shangazi yake, akamuuliza mbele yangu.

"Mimi?" akasema Rubani. "Mimi sishiki vitu vya watu. Aliweka mwenyewe. Mgonjwa wa sukari akizidiwa husahau, msimlaumu."

Akasema hivyo akimpuliza mtoto kope, taratibu, kwa mapenzi. Hakunikwepa macho hata kidogo.

Na mwanangu akamwamini. Lazima niseme kwa nini, la sivyo mtamwona mbaya. Alipokuwa mdogo alirudi kutoka shule akanikuta nimeanguka karakana, katikati ya masponji, sukari imeshuka, macho yamegeuka. Mikono yake midogo ndiyo iliyonitia sukari mdomoni. Mtoto akishaona hivyo, mama yake hawi tena nguzo, anakuwa glasi. Basi aliposikia kwamba nimekula hovyo na nimesahau dawa, aliona tena ile sakafu.

Akaanza kunilinda. Kopo la sukari likahamia kabati la juu, lenye kufuli. Mkate ukawa unahesabiwa kwa macho. Mjukuu nilipewa nikiwa nimeketi tu, mto huku na mto huku, na mtu amekaa karibu kumdaka. Nikijaribu kusimama naye, binti yangu anaruka. "Mama, tafadhali. Ukianguka naye je?" Kumwogesha, Rubani. Kumtembeza barazani, Rubani. Siku moja wote walitaka kutoka na hakukuwa na wa kubaki na mtoto, nikasema mimi nipo. Binti yangu akatazama chini. Mkwe wangu akatazama saa. Wakambeba mtoto kwenye baridi, wakaniacha mimi na televisheni.

Siku hiyo ndiyo niliyoapa. Nilikaa kwenye kochi lao, kochi baya, limeshonwa na mtu asiye na haya, nikapanga kisasi. Nilianza na vikubwa. Nilimwona Rubani nimemvisha kitambaa cha kochi kuanzia kichwani, nampiga stepla pembeni mwote, namwachia tundu la pua tu, maana mimi si mnyama. Nilimwona nikimkunja upya kama anavyokunja nguo za watu na kumtia katika sanduku, kwenye ile baridi inayoshinda friji. Nilifurahi sana nikiwaza hivyo. Lakini nilijua kwamba nikipiga kelele, watasema ni sukari imepanda. Ningegombana naye, yeye angekuwa na sauti ya upole na mimi ningekuwa mgonjwa mwenye hasira. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kochi nalo halivishwi kwa kuvuta kwa nguvu. Unavuta pembe moja, unapiga msumari, unavuta nyingine.

Nikaanza kumtazama Rubani, na nikagundua kitu nilichopaswa kukijua siku zote. Mwanamke yule hawezi kuona mkoba uliopangwa na mtu mwingine akauacha. Mikono inamwasha. Mkoba wa binti yangu wa nepi aliupanga upya kila siku. Hata begi la kazini la mkwe wangu siku moja alilitoa kila kitu, kijana akafika kazini akakuta miwani yake ndani ya soksi. Na la pili: anaogopa aibu kuliko kifo, hasa kifo cha mwingine.

Mama yake mkwe wangu alikuwa amefika naye siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, akawa anakaa kwa mwanawe mwingine mtaa wa pili. Ni mwalimu mkuu, mama mwenye sauti nzito na mgongo ulionyooka, na Rubani akiongea naye hubadilisha hata namna ya kushika kikombe. Ilipokaribia siku yetu ya kurudi, ikajulikana kwamba Mwalimu Mkuu atapanda ndege moja nasi. Hilo sikulipanga mimi. Mungu naye ana siku zake.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupewa dawa mpya hospitali, na niliitunza kwenye friji, nyuma ya maziwa. Vile vichupa vilivyokufa sikuvitupa. Nilivirudisha katika kimfuko, nikaongeza sindano, nyingine nikaziacha zichungulie kidogo, nikakiweka juu kabisa ya mkoba wangu. Asubuhi ya safari, mkwe wangu akiwa ameenda kazini kuomba ruhusa, nikamwita binti yangu chumbani kwangu. Chumba kile kina pazia linalokitenga na kijisehemu cha kupigia pasi. Nikamwomba aingie nyuma ya pazia na mtoto, aketi kwenye kile kiti, amnyonyeshe, asiseme neno lolote kwa lolote atakalosikia.

Akaniuliza kwa wasiwasi kama nimepima sukari.

"Nimepima, iko sawa," nikamwambia. "Mwanangu, nisikilize. Nikiwa nimekosea leo, nitaondoka bila kukuomba tena kumbeba huyu mtoto, na sitanung'unika. Nipe robo saa yako tu."

Akamweka mtoto begani, akaingia. Alifanya hivyo kwa kunihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko kufuli la kabati.

Nikaenda sebuleni. Nikamwambia Rubani kwamba ninaingia kuoga, mkoba wangu uko kitandani tayari, asihangaike nao. Nikaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba pale kwenye ukaguzi tutapanga foleni moja na Mwalimu Mkuu, na safari hii sindano zangu nitazitoa mwenyewe mezani, zote, hadharani, ndivyo nilivyoambiwa hospitali. Uso wake ulikunjamana kama shuka. Nikaingia bafuni, nikafungua maji, nikasimama nyuma ya mlango. Kama angebaki pale sebuleni na kikombe chake cha chai, ningekuwa nimempoteza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kikombe kikawekwa mezani. Ndala zikapita ukumbini. Mlango wa chumba changu ukalia. Kisha nikasikia zipu ya mkoba, halafu zipu ndefu ya sanduku kubwa, na mimi peke yangu bafuni nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nilipofika mlangoni binti yangu alikuwa amekwisha kutoka nyuma ya pazia, mtoto begani. Rubani alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, kimfuko kimezama nusu katikati ya nguo zangu, mkono wake bado uko juu.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Napanga tu, mwanangu. Mama yako hajui mambo ya ndege. Hizi sindano haziwekwi mkobani, zinaaibisha. Huku chini zinatulia kwa baridi. Hata tulipokuja nilimfanyia hivihivi, na sikusikia..."

Alijisikia mwenyewe. Nimeona watu wengi wakijikaanga kwa mafuta yao, lakini sijawahi kuona mafuta yakichemka upesi namna ile.

Binti yangu hakupandisha sauti. "Ulisema hushiki vitu vya watu."

"Nilitaka kumsaidia."

"Mama alikuambia visiwekwe huko?"

Rubani akatazama sanduku. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nilimwambia, lakini muuguzi wa kliniki anajua nini kuhusu ndege, je, amewahi kupanda?

Mwanangu alisimama pale, na nikaona machoni mwake mambo yakirudi moja baada ya jingine: gari, milango miwili, jina langu aliloita. Akaanza kulia bila kelele. Kisha akavuka chumba, akanipa mtoto mikononi nikiwa nimesimama, bila mto wala kiti. Akafuta uso, akachukua koti lake, akamwambia shangazi yake wavae viatu waende wote dukani kununua nepi. Nepi zilikuwepo tele. Wakatoka, akafunga mlango nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nikabaki peke yangu na mjukuu wangu katika nyumba nzima.

Nilitembea naye. Nilikwenda naye jikoni, nikarudi sebuleni, nikamwonyesha lile kochi baya na kumweleza kasoro zake zote. Alinukia maziwa. Alikunja kidole changu chenye makovu akalala. Mtu mwema angeridhika hapo, na watu wema mtasema ningeridhika. Lakini kilio chake cha kwanza kilikwisha kulia, na kililia mikononi mwa mwingine, na hakuna mtu awezaye kunirudishia.

Waliporudi nilimvuta Rubani kando. Macho yake yalikuwa mekundu. Binti yangu inaonekana alikuwa amemaliza maneno yote njiani. Akaanza kusema, "Wifi, nisamehe." Nikamkatiza. Nikamwambia kimfuko changu, chenye dawa nzima sasa, atakibeba yeye. Atakibeba mkononi, wazi, tangu mlango wa uwanja wa ndege. Kwenye ukaguzi atakitoa yeye, na atakapoulizwa atajibu yeye kwamba ni insulini na sindano za wifi yake mwenye kisukari. Atasema kwa lugha yao, maana lugha anazijua, kisha atarudia kwa lugha yetu, kwa sauti, ili Mwalimu Mkuu asikie.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitamsimulia Mwalimu Mkuu kila kitu ndani ya ndege. Safari ni ndefu, na mimi sina haraka."

Akakubali. Akakipokea kimfuko kwa vidole viwili, na mimi nikaona utamu ambao daktari hawezi kunikataza.

Njia nzima uwanjani nilitembea hatua moja nyuma yake nikimtazama. Alikibeba kimfuko kile mbali na mwili, shingo imezama mabegani. Kila mtu aliyempita, alimtazama usoni kuona kama amejua. Nilijua anachosubiri: meza, sindano zimemwagwa, vidole vinanyooshwa, minong'ono, Mwalimu Mkuu akisogea pembeni ajifanye hatujui. Nami nilikuwa nalisubiri hilohilo. Nilikuwa nimelisubiri tangu kiti cha magurudumu. Nilitaka nione uso wake ukiungua kwa aibu mbele ya kadamnasi, niubebe uso huo niende nao nyumbani, niwe nautoa jioni na kuutazama.

Tukafika kwenye mkanda wa ukaguzi. Mbele yetu watu wanavua viatu na mikanda, wanatia simu kwenye trei. Nyuma yetu Mwalimu Mkuu. Ofisa wa ukaguzi, mwanamke wa makamo mwenye mafua, akanyoosha kidole kwenye kimfuko akauliza ni nini. Rubani akasema kwa lugha yao. Nikamgusa kiwiko. Akafumba macho, akarudia kwa lugha yetu, kwa sauti iliyopasuka katikati:

"Ni insulini na sindano. Za wifi yangu. Ana kisukari."

Ofisa akafungua zipu, akachungulia, akaitupia macho barua ya daktari, akafunga. Akapiga chafya. Akatupungia mkono tupite.

Nikageuka haraka kumtazama Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameinama, anahangaika na kamba ya kiatu, na bila kuinua kichwa akaniuliza kama saa ya mkononi nayo inavuliwa. Watu wa nyuma walikuwa wanamsukumia trei. Hapakuwa na mtu yeyote pale aliyekuwa anatutazama.

Rubani alibaki amesimama upande wa pili wa mashine, hana viatu, kimfuko kifuani. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akingoja. Kisha akanigeukia, na uso wake nilioutaka haukuwepo. Palikuwa na uso mwingine, umepauka, wa mtu aliyeshtuka kuliko kuaibika.

"Kumbe ni hivyo tu?" akasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa ajili ya dakika ile. Nilikuwa na matusi niliyoyashona kwa siku nyingi, na methali mbili kali. Sikuyatumia hata moja, kwa sababu niliiona ile aibu aliyoiogopa hata nikakikosa kilio cha mjukuu wangu: chafya moja na zipu, na watu wasiotutazama.

Nilikichukua kimfuko changu mikononi mwake, nikakitia mkobani, juu kabisa. Alikuwa analia sasa, wazi, bila viatu, na watu hatimaye wakaanza kumtazama. Nikavaa viatu vyangu, nikaenda kutafuta mlango wa ndege, na sikugeuka kuona kama ananifuata.